A.C.K. OBOTH-OFUMBI: MWANDISHI WA HABARI ZA PADHOLA

Katika toleo hili la kumbukumbu tunamtaja Arphaxad Charles Kole Oboth-Ofumbi, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Padhola, wilayani Tororo. Hii ndiyo nchi ya Nagongera, kituo cha reli magharibi ya Tororo, ambayo Waganda waliiita Budama.

Jopadhola ni Waluo, lakini majirani zao ni Banyole, Bagwe, Basamia na Iteso. Kwa mapokeo ya wazee, Adhola alibaki hapo kwa sababu ya jeraha, na nduguye Owiny akaendelea na safari hadi Kenya. Habari kama hizo zilikaa vichwani mwa wazee tu. Mzee akifa, habari za ukoo wake zilizikwa pamoja naye.

Oboth-Ofumbi, angali kijana wa chini ya miaka 30, aliziweka katika maandishi. Kitabu chake juu ya historia na desturi za Jopadhola kilitolewa na Eagle Press mwaka 1960, kwa lugha ya nyumbani, ili wenyewe wakisome. Wataalamu wa historia waliokuja baadaye wamekitumia sana.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa utawala. Serikali ya Idi Amin ilipoingia mwaka 1971, alikubali kuitumikia, akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hilo hatulifichi, maana watu wengi waliumia chini ya serikali hiyo. Mwishowe nayo ikamgeukia. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa mjini Kampala pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na Waziri Erinayo Oryema. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali ya gari, lakini watu hawakusadiki. Mwaka huo wengi walikimbilia Kenya, akiwemo Askofu Yona Okoth wa Bukedi.

Cheo kilipita, kitabu kimebaki.

Sisi tulioacha makaburi na mashamba tunalo funzo hapa. Watoto waliozaliwa kambini hawajui mto wala kilima cha kwao. Kwa hiyo tunawaomba vijana wachukue daftari na kalamu, wakawaulize wazee majina ya koo, miiko na njia walizopitia. Wazee nanyi msichoke kusimulia. Mali huachwa nyuma siku ya kukimbia, bali daftari huingia mfukoni.