Willem Einthoven, daktari aliyetupa picha ya mapigo ya moyo

Mama au mlezi, daktari akisema mtoto wako apimwe ECG, huenda ukashtuka ukiona nyaya zikibandikwa kifuani, mikononi na miguuni mwake. Usiogope. Mashine ile haimtii mtoto umeme wowote. Inasoma umeme mdogo sana unaotoka ndani ya moyo wake mwenyewe, ule unaouamuru moyo upige. Kipimo hiki kimetokana na kazi ya Willem Einthoven, na ukiyajua maisha yake utaelewa pia kipimo kinaona nini na hakioni nini.

Einthoven alizaliwa mwaka 1860 mjini Semarang, kwenye kisiwa cha Java, ambacho leo kipo Indonesia na wakati huo kilitawaliwa na Uholanzi. Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki Willem akiwa bado mdogo. Mama yake, Louise, akabaki mjane mwenye watoto sita. Mwaka 1870 aliwachukua wote akahamia nao Utrecht, Uholanzi. Masimulizi mengi humpitia mama huyu haraka, lakini wewe unayelea peke yako unajua safari hiyo ilikuwa na uzito gani. Mtoto wake alisomea udaktari, na akiwa na miaka 25 tu akateuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Wakati huo wataalamu walikwishajua kwamba moyo hutoa umeme. Shida ilikuwa chombo cha kuupimia: kilikuwa kizito wa kufuata, na picha yake ilitoka imepotoka. Einthoven alitengeneza uzi mwembamba kuliko unywele, wa madini ya kwazi uliopakwa fedha. Ili kuupata, madini yaliyoyeyushwa yalifungwa kwenye mshale, mshale ukafyatuliwa, nao ukavuta uzi nyuma yake. Uzi huo aliuweka katikati ya sumaku yenye nguvu. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulicheza, na kivuli chake kikapigwa picha. Mashine nzima ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alikaa ametumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi! Kwa kuwa haikuweza kupelekwa hospitalini, mwaka 1905 Einthoven alitumia waya wa simu kuleta mapigo ya wagonjwa maabara, umbali wa kilomita moja na nusu.

Yeye ndiye aliyeyapa mawimbi ya ECG herufi P, Q, R, S na T, na hata leo zinatumika. P ni vyumba vya juu vya moyo vinapopata umeme. Q, R na S ni zamu ya vyumba vya chini, vinavyosukuma damu mwilini. T ni moyo unapojiandaa kwa pigo linalofuata. Mwaka 1906 alichapisha picha za mioyo iliyokosa mpangilio: inayoongeza pigo, inayotetemeka vyumba vya juu, na ile ambayo amri ya umeme hukwama njiani.

Si kila mpangilio uliobadilika ni ugonjwa. Mapigo ya mtoto mwenye afya huongezeka kidogo anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa. Lakini mtoto mchanga aliyetulia huwa na mapigo kama 100 hadi 160 kwa dakika. Yakizidi 220, au yakiwa ya kasi kiasi kwamba huwezi kuyahesabu, mpeleke hospitali mara moja. Yeye hawezi kukwambia moyo unamwenda mbio. Utaona anakataa kunyonya, anatoka jasho akinyonya, anapauka au anahema haraka.

Kwa mtoto mkubwa, dalili ambayo hupaswi kuipuuza ni kuzimia akiwa anakimbia, anaogelea au ameshtuliwa ghafla, hasa kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Wapo watoto ambao nafasi kati ya Q na T ni ndefu kupita kiasi. Wanaanguka, wakati mwingine na kutetemeka, na watu wanadhani ni kifafa, au wanawapeleka kuombewa na kuaguliwa huku moyo haujapimwa. Omba ECG. Mtoto akianguka, haamki na hapumui kawaida, ita msaada na anza kumkandamiza kifua papo hapo.

Kumbuka pia kwamba ECG ya kawaida hurekodi sekunde chache tu. Mapigo yakiwa yamesharudi sawa mnapofika kliniki, karatasi inaweza kutoka safi wakati tatizo lipo. Hapo daktari anategemea macho yako. Weka kiganja kifuani mwa mtoto, hesabu kwa dakika nzima, andika idadi, saa na alichokuwa akifanya. Ukiwa na simu, mrekodi video. Matibabu hutofautiana: wengine hufuatiliwa tu, wengine hupewa dawa, ambazo hupaswi kuzikatisha bila kumuuliza daktari, na wengine huwekewa kifaa cha kuongoza mapigo.

Einthoven alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Inasimuliwa kwamba fundi aliyemsaidia maabara alikuwa amekwisha kufa, naye akawatafuta dada zake waliokuwa wakiishi kwa shida na kuwagawia nusu ya fedha. Alifariki kwa saratani mwaka 1927. Kilo zote zile 270 leo zimekuwa kimashine kinachobebeka mkononi. Mtoto wako akishapimwa, omba nakala ya karatasi yake, andika tarehe, na uiweke pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu daktari wa mwakani atataka kuilinganisha na mpya.