Okot p'Bitek: Mwalimu wa dini aliyeiacha dini

Jina la Okot p'Bitek huenda unalijua kwa sababu ya Lawino, yule mke wa Ocol asiyenyamaza. Au shairi lenyewe hukulisoma, ulipitia maswali ya mtihani tu. Usijali, hauko peke yako. Leo tumwache Lawino kidogo tumtazame aliyemtunga, kwa sababu kuna jambo moja ambalo darasani hupitwa mbio: jamaa alikuwa Mkristo wa kufundisha wengine dini, kisha akaachana nayo.

Alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Babake alikuwa mwalimu, Mprotestanti. Mamake alikuwa mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za Kiacholi. Okot alisoma Gulu, kisha King's College Budo, akaja kufundisha Kiingereza na somo la dini katika shule ya Sir Samuel Baker karibu na kwao. Kwaya pia aliiongoza yeye. Kwa hivyo usidhani ni mtu aliyechoka tu kuamshwa Jumapili asubuhi. Huyu alikuwa ndani kabisa.

Kilichompeleka ng'ambo ni boli. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilizuru Uingereza, na mechi zilipoisha Okot akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, halafu anthropolojia Oxford. Ni katika miaka hiyo imani ilimtoka. Pale Oxford wahadhiri walizoea kuwaita Waafrika washenzi, naye ameketi papo hapo akiandika noti. Alipinga tangu muhadhara wa kwanza. Wakaendelea vilevile.

Sasa sikiza kisa alichokiandika baadaye, maana ndicho kinachoeleza alivyofikiri. Mwaka 1911 mapadri Waitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Shida ni kwamba lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, kwa hivyo swali likageuka kuwa: nani aliwafinyanga? Wazee wakashangaa. Wao walizaliwa na mama zao, basi! Mapadri wakasisitiza. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu anaweza kuzaliwa akiwa mzima, kisha akashikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, mgongo ukapinda akawa na kibyongo. Huyo ndiye anayesemekana amefinyangwa, na anayemfinyanga ni Rubanga. Mapadri wakafurahi sana, jibu limepatikana. Jina la pepo wa kibyongo likawa jina la Mungu.

Unaweza kucheka, hata mimi nilicheka. Lakini mweke hapo mtu aliyesimama mbele ya wanafunzi akifundisha habari za huyo Rubanga.

Ungetarajia basi arudi kwenye mila na kusema Waacholi walikuwa na Mungu wao mkuu tangu zamani. Hapana. Alisema hawakuwa naye. Walikuwa na majok, pepo mbalimbali, na walishughulika nao pale shida ilipoingia nyumbani. Wasomi wa Kiafrika waliotetea dini za jadi kwa kudai kwamba zilimjua Mungu yuleyule wa Biblia aliwakosoa vikali, akiwemo John Mbiti, Mkenya na kasisi. Kwake hao walikuwa wanaivika Afrika nguo za kuazima. Kwa maoni yangu alimkaba Mbiti kupita kiasi, maana Mbiti aliandika akiwa bado anaamini, na hilo si kosa. Ila ona Okot alivyobaki: kanisani ametoka, na kwa watetezi wa dini za jadi pia hana kiti.

Msimamo huo alikuwa nao pia katika tasnifu yake ya udaktari. Mwaka 1970 Oxford ikaikataa. Wakati huo alikuwa akiishi Kenya baada ya kukosana na serikali ya Uganda, akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Angeweza kurudi mezani alainishe maneno, apate cheo, na nani angejua? Badala yake utafiti huo ukatoka kama kitabu hapa Nairobi mwaka 1971.

Uprofesa ulikuja 1982, Makerere, ukiwa wa uandishi wa kubuni. Hakuukalia hata mwaka. Alifariki Julai hiyohiyo akiwa na miaka 51. Na Jumapili hii, ukipita kanisani kule Gulu, utawasikia wakimwomba Rubanga.