Daktari Livingstone, Mpimaji wa Nyota

Jina la Daktari David Livingstone lajulikana sana katika Ujiji. Hata watoto wa shule wajua ya kuwa alikutana na Bwana Stanley chini ya mwembe, mwaka 1871. Mwembe ule umekwisha kufa, na mahali pake pana jiwe la ukumbusho. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa mzee huyu alikuwa na kazi yake ya usiku, wenziwe walipokuwa wamelala: kazi ya kupima nyota. Habari za kazi hiyo twataka kuzisimulia, maana ndani yake mna faida.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika Blantyre, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini, naye alipotimiza miaka 10 akatiwa katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Kazi ilianza saa 12 asubuhi, ikaisha saa 2 usiku. Hata hivyo alikiweka kitabu juu ya mashine, akasoma sentensi moja moja kila alipopita. Hivyo akaendelea katika elimu, hata mwaka 1840 akawa daktari na mchungaji. Mwezi wa Desemba mwaka ule akapanda merikebu kuja Afrika ya Kusini. Na njiani nahodha, Bwana Donaldson, akamfundisha jinsi mabaharia wanavyotumia nyota ili wajue mahali walipo.

Mwaka 1852 alifika Cape Town, akasoma zaidi kwa Bwana Thomas Maclear, mtaalamu wa falaki, mkuu wa nyumba ya darubini ya serikali. Bwana Maclear alifika huko Januari 1834, na mwezi ule ule alifika Sir John Herschel, aliyechungua kwa darubini kubwa vile viwingu vya nuru vikaavyo angani kati ya nyota. Wavuvi wetu wa dagaa, wawapo ziwani usiku wa giza karibu na mwisho wa mwaka, waweza kuona viwili upande wa kusini, kama moshi usiotawanyika. Siku hizi twajua ya kuwa si mawingu, bali ni galaksi, yaani makundi ya nyota zisizohesabika, zilizo mbali hata nuru yake husafiri zaidi ya miaka 150,000 kabla ya kutufikia. Herschel alizitafuta nyota za mbali. Livingstone alizitaka zile za karibu, zimwonyeshe mahali aliposimama.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kujua umbali wake toka ikweta, alipima kwa chombo urefu wa nyota ifikapo juu kabisa, kisha akafanya hesabu. Kujua amekwenda kiasi gani mashariki au magharibi ni kazi ngumu zaidi. Dunia huzunguka, na jua hufika utosini Ujiji karibu saa 2 kabla ya kufika katikati ya anga ya London. Basi msafiri akijua saa ya mahali alipo, na tena saa ya Greenwich, tofauti yake humwambia longitudo yake. Saa ya Greenwich aweza kuipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua saa za majira zisizokosea. Ya pili ni mwezi, maana mwezi husogea kati ya nyota kama mshale wa saa, na katika muda wa saa moja hupita kadiri ya upana wake mwenyewe. Mpimaji hupima nafasi iliyo kati ya mwezi na nyota, akatazama kitabu cha hesabu, akaijua saa. Kosa dogo la mkono huwa maili nyingi katika ramani.

Kwa njia hiyo Livingstone alipima nchi toka Luanda, alikofika Mei 1854, hata Quelimane, alikofika Mei 1856. Hesabu zake alimpelekea Bwana Maclear azisahihishe. Mwaka 1855 Royal Geographical Society ya London ilimpa nishani ya dhahabu. Wala hakuificha elimu yake. Katika safari hiyo alichukua taa ya kuonyeshea picha, akawaonyesha watu wa vijijini habari za Biblia. Na aliporudi Uingereza akaandika kitabu mwaka 1857, akahutubia watu wengi juu ya Afrika.

Safari yake ya mwisho ilianza mwaka 1866. Mwanzo wa mwaka 1867 mchukuzi wa saa za majira akaanguka, mwendo wa saa ukaharibika, na longitudo alizoziandika zikakosewa. Mwezi ule ule sanduku la dawa likapotea. Aprili 1867 aliliona Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza. Tarehe 14 Machi 1869 aliingia Ujiji hali yu mgonjwa sana, akakuta mali aliyopelekewa imeibwa. Akavuka kwenda Manyema, na huko Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, akaona kwa macho yake wafanya biashara wakiwapiga risasi watu sokoni, wengi wao wanawake. Akarudi Ujiji amevunjika moyo. Stanley alipomkuta, walikwenda pamoja kaskazini mwa ziwa, wakaona ya kuwa mto Rusizi huingia ziwani, hautoki. Kisha Stanley akazichukua barua zake Ulaya, na habari za Nyangwe zikawachoma watu wengi. Juni 1873 Sultani Barghash akalifunga soko la watumwa la Unguja.

Livingstone hakupata kuisikia habari hiyo. Alikuwa amerudi kwenye mabwawa ya Bangweulu. Mvua zikamficha nyota, na makosa ya zile saa yakamfuata, asijue hakika yu upande gani wa ziwa. Akafa katika kijiji cha Chitambo tarehe 1 Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakauchukua mwili pamoja na vitabu na vyombo vyake. Walipofika Unyanyembe, Bwana Cameron akavitwaa vyombo vingi, ingawa hawakupenda.

Cameron akaendelea hata Ujiji, na mwaka 1874 akafika Nyangwe. Livingstone alidhani ya kuwa mto Lualaba ndio mwanzo wa Nile. Cameron akapima, akaona ya kuwa Lualaba pale uko chini kuliko Nile ilivyo huko Gondokoro. Na maji hayapandi mlima. Basi katika vyombo vilivyoonyesha kosa la mzee vilikuwamo vyombo vyake mwenyewe. Hilo halimwondolei heshima. Mtu aliyezoea kupima hutaka kweli ijulikane, ijapokuwa yapinga yale aliyoyatumaini. Na kama wale wachukuzi wasingalivihifadhi vyombo na vitabu vyake, miezi mingi kwa miguu, tusingalijua hata nusu ya habari hizi.