John Keats: Malenga Aliyeimba Mavuno Asiyafikie

Miongoni mwa malenga wakubwa wa Uingereza, ni wachache waliojaaliwa umri mfupi kama John Keats. Alifariki akiwa na miaka 25 tu. Hata hivyo, shairi lake lipendwalo mno lahusu mwisho wa mwaka, matunda yakiwa yameiva na siku zikianza kuwa fupi.

Keats alizaliwa mjini London tarehe 31 Oktoba, 1795. Babaye, aliyekuwa akisimamia mazizi ya farasi wa kukodi, alianguka kutoka juu ya farasi akafa mwaka 1804. Mamaye naye alifariki mwaka 1810 kwa kifua kikuu, akamwacha kijana wa miaka 14. Yatima huyo akatiwa kwa tabibu ajifunze kazi, na mwaka 1815 akaingia hospitali ya Guy's. Mwaka uliofuata alipata ruhusa ya kutibu, lakini akaiacha kazi hiyo akashika ushairi.

Sisi wa pwani twauhesabu mwaka kwa kusi na kaskazi. Waingereza wana misimu minne: wa kuchipua majani, wa joto, wa mavuno na wa baridi. Washairi wa mkondo wa Kiromantiki, naye Keats akiwamo, walipenda kuifananisha misimu hiyo na umri wa binadamu. Mwaka 1818 Keats alitunga shairi la mishororo 14 akionyesha kuwa kila mtu ana misimu minne moyoni mwake, na kwamba wa baridi hauepukiki, kwani asiyeupitia si mwanadamu.

Mwisho wa mwaka huo huo baridi ilibisha hodi nyumbani kwake. Nduguye mdogo, Tom, aliugua kifua kikuu. Keats akamuuguza mpaka akakata roho tarehe 1 Disemba.

Tarehe 19 Septemba, 1819, alikuwa Winchester. Alitoka kutembea, akaona mashamba yaliyokwisha vunwa, akarudi akatunga shairi la beti tatu juu ya msimu wa mavuno. Ubeti wa kwanza wasifu matunda na nyuki. Wa pili waonyesha mvunaji aliyesinzia, mundu pembeni. Wa tatu wasikiliza sauti za jioni, mbayuwayu wakikusanyika kuondoka. Ndege hao huikimbia baridi ya Ulaya wakaja kwetu Afrika. Hakulalama juu ya mauti, wala hakutamani ujana urudi. Alionyesha kuwa hata mwisho una uzuri wake na wimbo wake.

Februari 1820 alikohoa damu. Kwa kuwa alisomea utabibu, aliitambua rangi yake, akajua kuwa ajali yake imekaribia. Wakati huo alikuwa amemposa Fanny Brawne, lakini hawakujaaliwa kuoana. Septemba alisafiri kwa jahazi hadi Italia kutafuta hewa ya joto, akisindikizwa na mchoraji Joseph Severn. Alifia Rome tarehe 23 Februari, 1821, akazikwa huko. Aliacha wasia jina lake lisiandikwe kaburini.

Maishani mwake vitabu vyake havikununuliwa sana, na wahakiki wengine walimkejeli. Leo husomwa duniani kote. Uzee aliousifu hakuuonja. Aliyepanda ni yeye, na wanaovuna ni wasomaji waliozaliwa baada yake.