Maisha ya Michael Davitt, Mtetezi wa Wakulima wa Ayalandi

Mwaka huu tunawaletea wazee na wanachama habari za mtu wa mbali, ambaye shida yake haitakuwa ngeni kwao.

Michael Davitt alizaliwa mwaka 1846 katika kijiji cha Straide, magharibi ya Ayalandi, wakati wa njaa kuu iliyotokana na kuoza kwa viazi. Baba yake alilima ardhi ya mwingine. Mwaka 1850 jamaa yote ilifukuzwa kwa deni la kodi, ikahamia Uingereza. Huko mtoto aliajiriwa katika kiwanda cha pamba, na alipokuwa na miaka 11 mashine ilimponda mkono wa kulia, ukakatwa. Heri pekee ya msiba ule ni kwamba sasa alipelekwa shule.

Mwaka 1870 alifungwa kwa kushiriki njama ya silaha dhidi ya serikali. Aliachiliwa mwaka 1877, na tarehe 21 Oktoba 1879 akaanzisha Umoja wa Ardhi. Rais wake alikuwa Charles Parnell, naye (ajabu kidogo) ni mwenye mashamba mwenyewe.

Silaha ya Umoja ilikuwa kukataa. Shamba aliloondolewa mwenzako usilichukue. Na anayelichukua asiuziwe kitu wala asifanyiwe kazi. Mwaka 1880 Kapteni Boycott, msimamizi wa mashamba ya kabaila mmoja, alikosa wavunaji kabisa, hata wakaletwa vibarua wapatao 50 kutoka kaskazini, wakilindwa na askari waliowazidi mara nyingi kwa idadi. Jina lake limebaki katika Kiingereza kuwa neno la kususia.

Sheria ya 1881 iliweka mahakama za kupima kodi. Ile ya 1903 iliwakopesha wapangaji fedha za serikali ili wanunue mashamba. Wengi walishangilia, Davitt hakushangilia. Aliona kabaila akilipwa bei kubwa kwa kitu ambacho hakukiumba, na kibarua asiye na kishamba akiachwa mikono mitupu. Yeye alitaka ardhi iwe ya taifa zima, na kodi yake iingie katika hazina ya umma. Lakini wakulima wale wale aliowatetea hawakumfuata katika jambo hilo. Kila mmoja alitaka shamba liandikwe kwa jina lake.

Alifariki mjini Dublin tarehe 30 Mei 1906, akazikwa Straide.