Luigi Amedeo, mwanamfalme aliyeacha kipimo cha barafu ya Rwenzori

Kwa wakazi wa Kyarumba, Kilembe na mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, safu ya milima ya Rwenzori ndiko yanakotoka maji ya kunywa na ya mashamba, na ndiko yanakotoka mafuriko pia. Mwezi Mei 2020 mito Nyamwamba, Mubuku na Nyamugasani ilifurika, ikabomoa nyumba na madaraja na kuharibu hospitali ya Kilembe. Kila wataalamu wanapotaka kujua milima hiyo imebadilika kiasi gani, hulazimika kurejea kwenye picha na ramani za mwaka 1906. Aliyeongoza msafara uliozileta alikuwa Mtaliano, ofisa wa jeshi la majini, Luigi Amedeo wa Savoia, Duki wa Abruzzi.

Alizaliwa mjini Madrid tarehe 29 Januari 1873, baba yake Amedeo akiwa mfalme wa Hispania. Ufalme huo haukudumu. Wiki chache baadaye baba alijiuzulu, na familia ikarejea Italia. Mtoto alipelekwa katika jeshi la majini angali mdogo, akakulia baharini, huku likizo zake akizitumia kupanda milima ya Alps.

Mwaka 1897 aliongoza kundi la kwanza kufika kilele cha Mlima Saint Elias, katika mpaka wa Alaska na Kanada. Miaka miwili baadaye alielekea Ncha ya Kaskazini kwa meli ya Stella Polare. Baridi kali ilimwumiza mkono, akapoteza sehemu za vidole viwili, na ikambidi kumkabidhi msaidizi wake, Umberto Cagni, uongozi wa safari ya mwisho juu ya barafu. Cagni alifika mbali kuliko mtu yeyote kabla yake, lakini watu watatu wa msafara huo hawakurudi.

Rwenzori ilimvutia kwa sababu ilikuwa karibu fumbo la mwisho la ramani ya Afrika. Henry Morton Stanley alikuwa ameiona theluji yake mwaka 1888 na kuitangaza duniani, ingawa Wakonzo walioishi miteremkoni hawakuhitaji kutangaziwa: katika lugha yao jina Rwenzururu lenyewe ni mahali pa theluji. Wazungu kadhaa walikuwa wamejaribu kupanda wakashindwa na mvua, matope na ukungu.

Duki aliwasili Mombasa Mei 1906. Reli ilimfikisha Kisumu, meli ikamvusha Ziwa Victoria hadi Entebbe, na kutoka hapo msafara ukatembea kwa miguu hadi Fort Portal ukiwa na mamia ya wapagazi. Alikuwa na Cagni, mpiga picha Vittorio Sella, mwanajiolojia Alessandro Roccati, daktari Achille Cavalli Molinelli na waongoza milima kutoka Courmayeur. Walipoingia bonde la Mubuku, mizigo ilihamia mabegani mwa Wakonzo, watu waliozoea baridi na utelezi wa njia zile. Wao ndio waliowafikisha hadi Bujongolo, pango la mwamba lililopo karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, palipofanywa kambi kuu. Vitabu vinawataja waongozaji wa Kitaliano mmoja mmoja kwa majina yao. Wakonzo hutajwa kwa jumla tu.

Tarehe 18 Juni 1906 Duki alisimama juu ya vilele viwili virefu kuliko vyote, akavipa majina ya malkia wawili: Margherita wa Italia na Alexandra wa Uingereza. Milima mingine ya safu hiyo ikapewa majina ya wavumbuzi na watumishi wa dola, Speke, Baker, Emin, Gessi. Mmoja ulikuja kuitwa kwa jina lake mwenyewe, Luigi di Savoia. Wenyeji hawakuulizwa.

Kulikuwa na kazi nyingine isiyo na shamrashamra. Kwa wiki kadhaa, kila ukungu ulipofunguka, msafara ulipima kimo kwa kipimahewa, ukachora ramani na kukusanya mawe na mimea. Kimo cha Margherita walikikadiria kuwa mita 5,125. Leo kinahesabiwa kuwa 5,109, tofauti ndogo mno kwa vyombo vya wakati ule. Sella naye alibeba kamera nzito hadi theluji na kupiga picha za kila mto wa barafu alioweza kuufikia.

Picha hizo ndizo zilizogeuka kuwa ushahidi. Kwa hesabu za wanasayansi, barafu ya Rwenzori mwaka 1906 ilienea takriban kilomita za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 haikuzidi kilomita moja ya mraba. Katika milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia imetoweka kabisa.

Hapa pana jambo linaloeleweka vibaya mara nyingi. Maji ya barafu inayoyeyuka ni chini ya asilimia 2 ya maji ya mto Mubuku unapofika chini ya milima. Mengine ni ya mvua na ya mabwawa ya milimani yenye nyasi na kuvumwani. Mkulima wa bondeni hataona mto ukikauka siku barafu itakapokwisha. Kinachomtishia zaidi ni mvua kubwa zinazoshuka kwa kishindo kwenye miteremko iliyokatwa miti.

Historia ya mgodi wa Kilembe nayo huanzia kwa msafara huohuo, kwani dalili za shaba ziliripotiwa mwaka 1906. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1956, reli ilipofika Kasese, ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Marundo ya mabaki ya mgodi yalibaki kando ya Nyamwamba. Kila mto unapofurika huyamega, na maji yenye shaba na kobalti huteremka kuelekea Ziwa George. Ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, tindikali iliyochuruzika kutoka kwenye akiba ya mabaki hayo iliacha ukanda wa ardhi tupu usioota nyasi. Duki hakuyaona hayo, wala hakuna ushahidi kwamba aliyawazia.

Baada ya Rwenzori alikwenda Karakoram mwaka 1909, akashindwa kufika kilele cha K2 lakini akapanda mlima Chogolisa hadi karibu mita 7,500, rekodi ya zama hizo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliongoza manowari za Italia hadi mwaka 1917. Hakuoa, uchumba wake na binti wa seneta wa Marekani ulijaza magazeti, lakini haukufika kwenye ndoa.

Miaka yake ya mwisho aliitumia Somalia, kando ya mto Shebelle, alikoanzisha mwaka 1920 shamba kubwa la umwagiliaji la miwa na pamba. Lilikuwa shamba la kikoloni, kwenye ardhi ya wenyeji na kwa jasho lao. Mwaka 1928 alisafiri Ethiopia kutafuta chanzo cha mto huo, ambao maji yake ndiyo yaliyoliendesha.

Mwishoni, akiwa mgonjwa wa saratani, alichagua kurudi Somalia badala ya kubaki Italia. Alifariki dunia tarehe 18 Machi 1933 akiwa na umri wa miaka 60, akazikwa katika kijiji hicho, ambacho leo ni mji wa Jowhar. Picha za Sella zimehifadhiwa Biella, kaskazini mwa Italia.