Georg Ohm, mutoto wa fundi wa kufuli

Hapa kwetu Bukavu, ukimpelekea fundi radio iliyozimika, anachukua kipimo chake, anagusisha nyaya mbili, anakuambia ni ohm ngapi. Wachache njo wanajua kama hilo ni jina la mutu.

Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 mjini Erlangen, Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli, hakusoma sana shuleni, lakini alijifunza hesabu mwenyewe akawafundisha watoto wake. Mama alikufa Georg akiwa na miaka kumi. Alipofika chuo kikuu, kijana akapenda kucheza dansi na bilyadi kuliko masomo. Baba akakasirika, akamtoa. Georg akaenda Uswisi kufundisha hesabu, na mwaka 1811 tu akapata udaktari wake.

Kazi yake kubwa aliifanyia Cologne, akiwa mwalimu wa sekondari. Alitaka kujua waya unazuia umeme kiasi gani. Shida ni kwamba betri za wakati ule zilikuwa zinapungua nguvu katikati ya kipimo. Basi akaunganisha shaba na bismuti, upande mmoja akauweka kwenye maji yanayochemka, upande wa pili kwenye barafu. Umeme ukatulia. Mikono ya ufundi aliyorithi kwa baba ilimsaidia kutengeneza vyombo.

Mwaka 1827 akatoa kitabu, akingoja kiti cha chuo kikuu. Wakubwa wakakidharau. Akaacha kazi, akaishi Berlin miaka mingi kwa vibarua vya kufundisha. Waingereza njo walimpa medali ya Copley mwaka 1841. Kiti alichokiota akakipata Munich mwaka 1852. Miaka miwili nyuma yake akafariki.

Sasa mapafu yanaingiaje hapa? Hewa inazuia umeme; damu na maji vinaupitisha. Miaka ya 1980, watafiti wa Sheffield, Uingereza, wakatumia jambo hilo kuona ndani ya mwili. Leo mgonjwa anayepumua kwa mashine anafungwa mkanda kifuani, wenye vidude 16 ama 32 vya kupitisha umeme mdogo asiousikia. Kwenye skrini, muganga anaona hewa inaingia upande gani, pumzi kwa pumzi. Mashine ikisukuma hewa kupita kiasi, pafu linaumia; ikisukuma kidogo, sehemu zingine zinabaki zimefunga.

Kupigwa radio (si hii yetu, ile ya hospitali) kunaonyesha dakika moja tu, na pengine mgonjwa anabebwa mpaka chumba kingine. Lakini mkanda hauondoi radio: picha yake ni ya ukungu, kidonda kidogo hauwezi kukiona.

Jina la Ohm liliwekwa kuwa kipimo mwaka 1881, kwenye mkutano wa Paris. Yeye alikuwa kaburini miaka 27. Hakuoa, hakuacha mtoto.